Kumbikumbi na Mguu Wangu wa Kushoto

Niliteleza Jumanne asubuhi, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, nikiwa na mtungi wa lita ishirini mkono mmoja na wa lita kumi mkono wa pili. Ningepata mtu wa kulaumu ningemlaumu, tena kwa sauti. Lakini maji yaliyokuwa kwenye ngazi nilikuwa nimeyamwaga mimi mwenyewe katika safari ya pili, na hii ilikuwa ya sita. Kwenye jengo letu hapa Kware, Nairobi, mfereji hufunguliwa Jumanne na Ijumaa, na kwa kuwa maji hayapandi juu, kila mpangaji huyapandisha kwa mikono yake. Sisi tunakaa ghorofa ya tano. Alhamisi nilikuwa nisafiri kwenda nyumbani, upande wa magharibi, kwa wiki mbili, na nilitaka kuacha kila chombo kimejaa, hata ile sufuria ya sherehe, kwa sababu namjua baba watoto. Nikimwachia mitungi mitupu ataoga kwa kikombe na kunilalamikia hadi mwaka uishe.

Mguu wa kushoto ulitoa sauti kabla sijasikia maumivu, tah, kama kuni kavu. Mtungi mkubwa uliendelea na safari yake ya kushuka, ukagonga kila kidato, ukafika chini mzima bila hata ufa. Wiki nzima majirani walinisifia jinsi mtungi ule ulivyo imara.

Nikiwa nimekaa pale kwenye maji, sketi imelowa, jambo la kwanza nililofikiria halikuwa mguu. Nilifikiria kichuguu changu. Nikajiambia, mwaka huu tena? Hapana. Mwaka huu nitafika hata kwa kutambaa.

Watu hurithi mashamba, ng'ombe, nyumba. Mimi nilirithi kichuguu. Kiko nyuma ya boma la marehemu baba, karibu na mpaka, kirefu kunipita nikiwa nimesimama, na ndani yake wanaishi mchwa ambao mvua ndefu zikianza huota mabawa na kutoka wakiwa kumbikumbi. Kuna kumbikumbi wanaotoka wenyewe, mtu anawaokota tu. Wetu wana kiburi. Hawatoki mpaka wapigiwe. Unangoja siku ambayo mvua imenyesha asubuhi na jua likatoka mchana. Unapinda fito juu ya kichuguu, unazifunika kwa blanketi na majani ya mgomba hadi ndani kuwe giza, unaacha mdomo mmoja mdogo wa mwanga, na chini ya mdomo huo unachimba shimo. Kisha unakaa, unalaza ubao mkavu mbele yako, na kwa vijiti viwili unaanza kupiga. Mchwa wakisikia wanadhani ni mvua. Wanatoka kwa maelfu wakiufuata mwanga, wanaangukia shimoni, na wewe kazi yako ni kuchota.

Ukieleza hivi mtu wa Nairobi anadhani ni kazi ya yeyote mwenye vijiti viwili. Siyo. Kuna kupiga kama matone ya kwanza, kwa kusitasita. Kuna kupiga kama mvua inayokaribia kutoka ng'ambo ya mto. Kisha unaingia kwenye mvua yenyewe na hutoki humo kwa saa nzima, mikono ife ganzi, jasho likuingie machoni, na ukiharakisha kidogo tu wale wadudu wanarudi chini na siku yako imekwisha. Mama alijua kupiga kuliko mtu yeyote kijijini. Watu walikuwa wakimwita awapigie vyao. Mimi alinifundisha nikiwa sijafika hata darasa la nne, akinigonga vidole kwa kijiti kila nilipokosea, na nilikosea sana.

Sisi tulikuwa wawili tu, mimi na ndugu yangu mdogo. Kabla mama hajafariki alituita akatuambia mbele ya wazee, "Shamba la baba yenu ni la kijana. Hiyo ndiyo desturi na mimi sina nguvu ya kuibadilisha. Lakini kichuguu ni cha anayekipiga, na anayejua kukipiga ni binti yangu." Wazee wakacheka, wakakubali, kwa maana nani atagombania udongo? Lakini mimi sikucheka. Pale nyumbani sina hata kona ya kuweka kitanda. Nimeolewa na mtu wa Murang'a, na kwao nako naitwa mgeni kwa upole. Hapa Kware nyumba ni ya mwenye nyumba. Kichuguu kile ndicho kitu pekee chini ya jua ambacho mtu akiuliza "hiki ni cha nani?" jibu ni changu mimi.

Na kwa miaka minne sikukipiga. Sina la kujitetea. Mwaka wa kwanza mvua zilikuja wakati wa kufungua shule, na mimi ni fundi wa nguo. Sare za watoto wa mtaa mzima zilikuwa mezani kwangu. Mwaka wa pili mvua zenyewe hazikuja. Wa tatu tulikuwa na msiba upande wa baba watoto. Wa nne nilijiambia kichuguu hakina miguu, kitaningoja.

Januari mwaka huu ndugu yangu akanipigia simu.

"Dada, nataka kufyatua matofali nijenge. Na unajua hakuna udongo unashika kama wa kichuguu."

"Kichuguu si chako," nikamwambia.

"Ni cha nani?"

"Unajua ni cha nani."

"Mama alisema ni cha mwenye kukipiga. Sasa niambie, nani amekipiga? Miaka minne, dada. Nyasi zimemea mpaka nyoka anaishi huko."

Nilimtukana kidogo, kwa haki yangu kama mtu aliyembeba mgongoni. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa amekosea. Mwishowe akasema hataki ugomvi na mimi. Mvua hizi nije nikipige. Nikikipiga, hakuna mkono utakaokigusa, na atawaambia watoto wake hivyo. Nisipokuja, analeta watu wa kufyatua.

Kwa hiyo nilijipanga kama sijawahi kujipanga. Kuanzia Februari nilikataa kazi za harusi. Nilinunua blanketi mbili nzito. Kila siku nilimpigia simu wifi yangu, mke wa ndugu yangu, kumuuliza mawingu yamekaaje, naye kila siku alinijibu kwa subira, "Bado, senje." Senje ni shangazi, jina ambalo watoto wake huniita, naye akalichukua hilo hilo. Baba watoto alikuwa akinicheka. Watu wa kwao hawali kitu chenye mabawa isipokuwa kuku, na tangu tuoane anawaita kumbikumbi wangu wadudu.

"Mtu mzima anafunga duka kwenda kupigia wadudu ngoma," alisema.

"Wewe endelea na viazi vyako," nikamjibu. "Hakuna mtu amewahi kuvipigia ngoma hata siku moja."

Jumatatu ile wifi akasema mvua imeshika na mchwa wameanza kufungua vijishimo. Nikakata tiketi ya basi la Alhamisi. Jumanne nikateleza.

Nilijikokota hadi nyumbani kwa kushika ukuta. Baba watoto aliporudi kutoka kazini alinikuta mguu uko ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Umefanya nini?"

"Nimeteguka kidogo."

"Hiyo si kuteguka. Hiyo imefura kama andazi. Twende hospitali."

"Kesho," nikasema. Nilijua vizuri sana wanachofanya hospitali. Wanakupiga picha, wanaona kitu, wanakufunga plasta, na mtu aliyefungwa plasta hapandi basi la saa tisa kwenda magharibi, sembuse kukaa chini mbele ya kichuguu amekunja miguu. Mguu ambao haujapigwa picha haujavunjika. Hayo ndiyo mawazo niliyolala nayo, na wakati ule niliyaona kuwa ya busara.

Jumatano, baba watoto alipotoka tu, nikajikokota hadi chini, nikachukua pikipiki hadi Majengo. Mteja wangu mmoja alikuwa amenieleza kuhusu bibi mmoja wa huko anayekanda, mwanamke mzee wa Kiislamu ambaye amewanyoosha wachezaji wa mpira wa mtaa mzima. Alikuwa na chumba safi chenye mkeka, jiko dogo la makaa, na mafuta ya nazi kwenye kibakuli. Aliushika mguu wangu bila kuubonyeza, akauinua, akauweka tena mkekani.

"Umepigwa picha, mwanangu?"

"Nimepigwa, bibi."

"Wamesemaje?"

"Mfupa mzima. Ni mshipa tu."

"Iko wapi hiyo picha?"

"Nimeisahau nyumbani."

Akasogeza kando kibakuli cha mafuta. "Mimi sikandi mfupa uliovunjika," akasema. "Nakanda mishipa. Mfupa uliovunjika ni wa daktari. Nakuuliza tena, umepigwa?"

Nikamtazama mwanamke wa umri wa mama yangu, kwenye mkeka wake mwenyewe, nikamdanganya mara ya pili. "Nimepigwa."

"Haya. Neno ni lako na mguu ni wako." Akasema Bismillahi, akachovya vidole kwenye mafuta, akaanza.

Sitaeleza maumivu yale. Niliuma kona ya leso yangu hadi ikatoboka. Alipofika mahali fulani juu ya kifundo nilisikia kitu kikisogea ndani, naye nadhani alikisikia, kwa sababu mikono yake ilisimama ghafla. Aliufunga mguu kwa kitambaa taratibu kabisa na akakataa kuendelea. Akanishika kidevu kama mtoto. "Nenda hospitali leo. Leo hii, si kesho." Nikaitikia kwa kichwa, tiketi ikiwa kwenye mkoba wangu.

Alhamisi saa sita mchana nilivaa kiatu kimoja na kandambili moja. Mkoba nikauvaa mgongoni, blanketi nikazifunga kwa kamba. Baba watoto alikuwa kazini, nami nilikuwa nimemwachia ujumbe kwamba nimepona. Ngazi nilizishuka kwa makalio, kidato kimoja kimoja, nikisukuma zile blanketi mbele yangu. Nilifika ghorofa ya tatu. Hapo, mahali pale pale nilipoangukia, macho yakafanya giza. Nilipofumbua nikaona uso wa mlinzi wa jengo na nyuma yake nyuso nyingine nyingi, na mtu alikuwa ameshampigia simu mume wangu.

Basi liliondoka saa tisa. Najua kwa sababu nilikuwa naitazama saa ya ukutani nikiwa kwenye kitanda cha hospitali. Daktari, msichana mdogo kuliko kitinda mimba wangu, alikuwa ameishika picha yangu kwenye mwanga. Alinionyesha kwa kalamu. Hapa palikuwa na ufa, akasema, ufa mdogo wa kufungwa wiki chache, na huenda baada ya siku mbili tatu ungekuwa unatembea kwa magongo. Sasa vipande viwili vimeachana na itabidi tuvivute.

"Nani ameukanda?" akauliza.

"Mimi," nikasema. Ilikuwa kweli kuliko alivyojua.

Waliuvuta, wakaufunga plasta kutoka vidoleni hadi juu ya goti. Wiki nane, na nyumbani nisitoke.  Vijana wanne walinibeba kwenye kiti cha plastiki hadi ghorofa ya tano, wakaniweka kitandani. Baba watoto aliwaaga, akafunga mlango, akanigeukia.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mimi nilivunjika kwanza, ndipo nikakataa kusikia," nikamwambia. Tukaangaliana. Yeye alicheka. Mimi nilijaribu, nikalia, na nililia kwa hasira wala si kwa maumivu, kwa sababu ningekuwa nimekubali plasta Jumanne, huenda ningepanda basi wiki iliyofuata na magongo yangu na kumwambia mtu aniwekee kiti karibu na kichuguu. Ubishi wangu ndio ulioninyima kile nilichokuwa nakibishania.

Siku zilizofuata zilikuwa za kunichokoza. Ijumaa ilinyesha asubuhi, mchana jua likatoka, siku ya kumbikumbi kabisa, na mimi nimelala natazama dari. Jumamosi asubuhi nilisikia ufagio kwenye ngazi, shwa, shwa, nikamuuliza baba watoto mlinzi anafagia nini asubuhi yote hiyo. Akafungua mlango, akachungulia.

"Mabawa," akasema. "Ngazi yote imejaa mabawa ya wale wadudu wako. Walifuata taa."

Wamekuja hadi mlangoni kwangu, Kware, ghorofa ya tano, na mtu anawafagia kama takataka. Nilimwambia afunge mlango. Chai aliyoniletea nikaikataa, ingawa chai haikuwa na kosa.

Nilimpigia ndugu yangu. Alinipa pole kwa moyo, akaniuliza kuhusu mguu, akawapa watoto simu wanisalimie. Kisha nikamwomba mwaka mmoja. Mmoja tu.

"Dada, watu wa kufyatua wanakuja Jumatatu, si hii, ile ya baada yake. Nimewangojesha tangu Januari kwa sababu yako."

"Mguu umevunjika! Nikutumie picha?"

"Mwaka jana haukuwa umevunjika," akasema, bila ubaya wowote. Nikakata simu, nikaitupa kwenye blanketi zile mpya.

Nilikaa hivyo kama saa moja nikiwa nachemka. Halafu nikapata wazo, nikaliona la ajabu kwa uzuri. Nikampigia wifi.

Wifi yangu anatoka sehemu ambayo kumbikumbi wao ni wale wa kuokota. Hajawahi kushika vijiti maishani mwake. Nikamwambia nataka anipigie kichuguu kabla ya Jumatatu ile. Akasema, "Senje, mimi sijui." Nikamwambia nitamfundisha. Akasema, "Sawa basi. Ngoja niweke simu kwa meza."

Basi nilimwambia baba watoto anisogezee kigoda karibu na kitanda, nikachukua miiko miwili, simu nikaiwasha sauti kubwa, nikaanza kumpigia mvua kutoka Kware. Siku tano tulifanya hivyo, kila mchana akishamaliza kazi za shamba. Jirani wa chini alikuwa akigonga dari kwa mpini wa ufagio, nami nikiendelea. Sikuwa mwalimu mwema. "Si hivyo!" nilimpigia kelele. "Hiyo ni mvua ya mawe, watatoka waende wapi? Anza polepole! Unaenda wapi na haraka hiyo, kuna mtu anakukimbiza?" Ningekuwa karibu naye ningemgonga vidole. Yeye hakukasirika hata mara moja. Alisema tu, "Ngoja nirudie, senje," na akarudia. Siku ya tatu nilisikia kitu kikiingia kwenye mikono yake. Siku ya tano sikuwa na la kumsahihisha ila moja, na hilo nililiacha, nikidhani ni simu inayokatakata.

Jumamosi, mchana wa saa saba, akanipigia. Kwao kumenyesha asubuhi na jua limetoka. Ndugu yangu amemsaidia kupinda fito na kufunika, kwa kunung'unika lakini amefanya. Akaniuliza kama niko tayari, kana kwamba mimi ndiye mwenye kupiga. Akailaza simu kwenye nyasi.

Nikamsikia akianza. Matone ya kwanza, vizuri. Mvua ya ng'ambo ya mto, vizuri. Alipoingia kwenye mvua yenyewe nikasikia lile kosa nililoliacha, na halikuwa kosa la simu. Katika kila mzunguko alikuwa anaongeza pigo moja dogo ambalo mama hakuwa nalo. Nikapaza sauti, "Toa hilo! Toa hilo la mwisho!" Hakunisikia. Mikono yake ilikuwa inafanya kelele, na simu iko chini, na mimi niko Kware nimelala chali. Nikachukua miiko nikaanza kupiga ile ya mama kwenye kigoda, kwa nguvu, nikijua ni upuuzi. Baba watoto, aliyekuwa mlangoni na sahani, hakucheka.

Wakati fulani nikaweka miiko chini nikasikiliza tu. Robo saa. Nusu saa. Nikaanza kutamani wasitoke. Naandika hili kwa aibu. Nilijua fika kwamba wasipotoka Jumatatu kichuguu kinavunjwa, na bado, nikilisikia lile pigo la ziada likienda na kurudi, kuna kitu ndani yangu kilichotaka mchwa wakatae.

Kisha watoto wakapiga kelele. "Wanatoka! Mama, wanatoka!" Nikasikia miguu ikikimbia, mabeseni, sauti ya ndugu yangu akicheka kicheko cha utotoni ambacho sijakisikia tangu mama aage. Wifi hakuacha kupiga. Alijua hakuna kuacha. Alipiga saa nzima na robo, na kumbikumbi wakajaa shimo, wakachotwa, wakajaa tena.

Ndugu yangu akaiokota simu. "Dada! Mabeseni manne! Hata wakati wa mama sikumbuki manne!"

"Na matofali?"

"Matofali gani? Kuna udongo mwingine kule mtoni. Hiki hakiguswi tena, nimesema."

Nilishukuru Mungu kwa sauti. Baba watoto akanishika bega akaniambia, umeshinda. Nikaitikia. Machozi yalikuwa yananitoka, naye akayachukua kuwa ya furaha, na mengine yalikuwa ya furaha kweli.

Wiki moja baadaye basi lilileta kopo la lita tatu, limefungwa kwa karatasi na kamba. Walikuwa wamewapepeta mabawa, wamewakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, wamewaanika juani. Baba watoto alilipandisha hadi juu, akaliweka mezani, akakaa mbali nalo. Nilisonga ugali nikiwa nimekaa, mguu umenyooshwa kwenye kiti kingine. Walikuwa watamu. Nilitafuta kasoro na sikuipata.

Nikampigia wifi kumshukuru, na pia, nikiri, kuweka mambo sawa. Nilikuwa na maagizo. Nilimwambia mwaka ujao nitakuja mapema, kabla mvua hazijashika. Nyasi za upande wa mpaka zisikatwe hadi nifike. Ule ubao wa kupigia uwekwe pakavu. Na lile pigo la mwisho nitamwonyesha linavyopaswa kuwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyosikiliza siku zote.

"Senje, usijisumbue," akasema. Sauti yake ilikuwa na furaha tupu, sikusikia ubaya hata chembe. "Mguu wa kuvunjika hautaki mtu akae chini. Nyasi nitakata mimi. Kila kitu nitatayarisha mimi. Wewe ukuje tu, nitakuwekea kiti kizuri kwa kivuli, na bakuli la kwanza nitakuletea wewe. Karibu sana senje, karibu wakati wowote."

Nilikuwa na maneno mengi, yote ya mama, yote ya haki. Yalinijaa mdomoni. Nikayatafuta moja baada ya jingine, na kila nililolishika, hata lile la kichuguu kuwa cha anayekipiga, nilikuta limesimama upande wake.

"Asante," nikamwambia. "Nitakuja."